Mipira Niliyopewa

Nilianza kucheza tenisi nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, hapa Mombasa, katika klabu yenye viwanja vichache na ubao mmoja ukutani. Ubao huo tuliuita ngazi. Majina ya wachezaji hupangwa kuanzia juu hadi chini, na unaruhusiwa kumwalika mchezoni aliye nafasi chache juu yako. Ukimshinda, mnabadilishana nafasi. Naueleza mapema kwa sababu ndio ulionitawala, nami sikujua.

Kila nilipofika klabuni nilipitia ubaoni kwanza, kabla ya kumsalimu mtu. Walionizidi sana niliwaogopa, nikajificha nyuma ya maneno kwamba wanaringa. Niliokuwa nawazidi niliwakwepa. Palikuwa na dada mmoja, muuguzi, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza. Alikuwa akitoka zamu ya usiku anapitia klabuni na raketi yake, ananiomba kwa adabu, “Kaka, utanipa hata nusu saa?” Nilimjibu kwamba nimechoka. Muda si muda nikaingia uwanjani na mtu mwingine, yeye akiwa bado amekaa pale kwenye benchi. Aliona, na hakuwahi kunilaumu.

Nilikuwa na hoja yangu: ukicheza na aliye chini yako, mchezo wako unaharibika. Huenda nawe umewahi kuisema. Mimi niliisema mpaka nikaiamini.

Aliyenifundisha ni kocha wa klabu, mtu wa makamo aliyeanza akiwa kijana wa kuokota mipira, kama walivyoanza makocha wengi wa klabu za Kenya. Nilimlipa kwa saa. Lakini saa yangu ilipokwisha, na kama hakuna aliyekuwa akimngoja, aliniambia tucheze seti moja hivi hivi tu, bila malipo. Seti zile zilikuwa za kukimbizana hasa. Alinishinda sita kwa nne, saba kwa tano, na mara mojamoja nilimshinda mimi. Nikirudi nyumbani nilijiona nimeanza kumkaribia.

Kisha yakaja mashindano ya klabu za pwani, naye akapangiwa kijana mmoja hodari aliyekuja na sifa zake. Nilikaa pembeni nikitarajia kuuona mchezo ninaoujua. Mpira wake wa kwanza wa kuanzisha ulidunda ukapanda juu ya bega la yule kijana, akashindwa hata kuugusa. Nikashtuka. Ukafuata mwingine uliojipinda kwenda nje ya mstari wa pembeni. Katika seti zetu zote hakuwahi kunipigia mpira wa namna hiyo hata mmoja. Ndipo nikakumbuka na jambo jingine. Karibu kila mpira alionirudishia ulikuja upande wa mkono wangu wa nyuma, upande wangu dhaifu, tena kwa kasi ambayo nikikimbia kwa bidii ninaufikia. Siku zote nilidhani ndivyo anavyocheza.

Baada ya mechi nilimuuliza. Alijibu bila kusita, “Ndugu yangu, ningekufunga sita bila kila siku, ungejifunza nini? Na usifikiri mimi nilikuwa nimekaa bure. Nilikuwa najipima kama naweza kuuweka mpira palepale, tena na tena.”

Maneno hayo yaliniingia. Kila mpira mzuri niliowahi kuupiga ulitoka kwa mtu aliyekubali kushuka hadi nilipo, wala sikuwa nimemwomba. Nami nilipoombwa nusu saa na mtu aliyetoka kukesha na wagonjwa, nilimnyima. Nilimtafuta yule dada nikamwomba radhi. Akasema, “Ah, kaka, hayo yamepita. Twende tukacheze.”

Usidhani niligeuka siku ileile. Kucheza naye kulinishinda. Mpira wake ulikuja polepole, hauna nguvu ya kuazima, na mimi nilikuwa nimezoea kurudisha kasi ya wenzangu nikidhani ni yangu. Nilisimama wima, miguu imelala, nikataka kuimaliza pointi haraka, na mpira ukaenda kwenye wavu au ukatoka nje. Nilikasirika, na hasira hiyo aliiona usoni mwangu, jambo linaloniuma hadi leo. Kumbe ile hoja yangu ya zamani ilikuwa kinyume: yeye hakuuharibu mchezo wangu, aliuonyesha ulipokuwa mbovu tangu mwanzo.

Kocha alinipa kazi ndogo. Nisitafute kumshinda yule dada, nipige kwa mshazari tu, mpira upite katikati ya wavu, ambako kimo chake ni sentimita 91 wakati kwenye nguzo ni 107, na kwa mshazari uwanja ni mrefu zaidi. Nihesabu mara ambazo mpira unavuka bila kukatika, tukihesabu pamoja, mimi na yeye. Hapo ndipo nilianza kukunja magoti vizuri na kuungoja mpira. Hapo pia ndipo nilianza kumtazama mtu aliye upande wa pili.

Kwa wale walionizidi, hofu ilikawia kuondoka. Lililonisaidia ni jambo alilolisema Roger Federer mwaka 2024, alipowahutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth, Marekani. Alisema kwamba katika mechi 1,526 alizocheza peke yake alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Mtu wa kiwango kile alipoteza karibu nusu ya pointi zake, na mimi nilikuwa nikiwakwepa walionizidi kwa kuogopa kufungwa mechi moja! Nikaanza kuwaalika wa juu. Nilifungwa mara nyingi. Wengi wa wale niliowaita wenye maringo walinisubiri baada ya mechi wanionyeshe nilipokosea.

Jina langu lilishuka, likapanda kidogo, likashuka tena. Bado kuna asubuhi naupitia ubao kwanza, na bado moyo unanivuta kukwepa ninapomwona mgeni ameshika raketi vibaya. Namshukuru Mungu kwamba sasa nautambua mvuto huo.

Hivi majuzi nilimwomba kocha anichezee mchezo wake wote, seti moja tu. Akaniuliza kama nina hakika. Nilifungwa sita bila, na ule mpira unaopanda juu ya bega niliurudisha mara moja tu, kwa mkono wa nyuma, akacheka kwa furaha kuliko mimi. Yule dada alikuwa akitungoja uwanja wa pili na wanafunzi wawili wa uuguzi ambao hawajawahi kushika raketi. Tukagawana: mmoja kwake, mmoja kwangu.