Ombea Gari, Lakini Angalia Tairi



Watu wa hapa Othaya huniletea magari niyaombee: Probox iliyonunuliwa juzi, matatu inayoanza kazi, pikapu ya kubeba majani chai. Naomba kwa furaha. Lakini kabla sijaweka mkono juu ya boneti, huwa nalizunguka gari nikiangalia tairi zote nne. Wengine hucheka. Leo nakuomba usicheke.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamtaka anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, ili mtu asianguke na lawama ikawa ya mwenye nyumba. Hakumwambia aombe tu watu wasianguke. Alimwambia ajenge. Ukuta wa gari lako ni tairi.

Mifereji ile ya tairi ina kazi: husukuma maji yatoke chini yake. Ikiisha, gari huelea juu ya maji na breki hazishiki. Fikiria mteremko wa bonde la Gura mwezi wa nne, mvua inanyesha, na mama na watoto wako nyuma.

Kwa hivyo kagua. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi ikilika hadi iwe sawa navyo, imebaki milimita 1.6 tu. Badilisha, na kwa mvua zetu usingoje ifike hapo. Ikivimba ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika. Hakuna kiraka cha kuiponya. Angalia pia umri wake: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT zikiwa 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka 5, fundi aikague kila mwaka. Ikifika 10, itoe hata kama inang'aa. Na yule anayechonga tairi kipara kwa kisu ili ionekane ina mistari, mkimbie! Amepunguza mpira uliobaki, hajaongeza chochote.

Ukinunua mbili tu, zifunge nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma ni vigumu kulirudisha kwa usukani. Ukibadilisha njiani, simama mahali tambarare, vuta handibreki, zuia magurudumu kwa mawe, na ulegeze nati kabla ya kuinua jeki. Usiingie chini ya gari. Kaza nati moja, kisha ile inayoikabili.

Najua bei, mpendwa. Najua unangoja bonasi ya chai, na karo iko mbele yake. Lakini abiria wako hajui tairi imelika; amepanda kwa kukuamini. Kama pesa haijatosha, siku ya mvua acha gari nyumbani. Huo pia ni upendo kwa jirani.

Leo kabla ya kuwasha gari, lizunguke mara moja. Kisha omba. Bwana akulinde wewe na wote uliowabeba.

Amina. Mtumie dereva mmoja ujumbe huu.