Kasuku Aliyekataa Karanga



Familia moja ya Bunda ilipohamishwa kikazi, ilituachia hapa nyumba ya mapadre Musoma kasuku mchanga wa kijivu, pamoja na kibali chake cha kufugwa. Tulimpokea kwa furaha, tukajiwekea azma mbili: apande mkononi akiitwa, na awasalimu wageni kwa salamu yetu ya Kikristo. Tuliamini kwamba karanga zingetosha kumvuta.

Hazikutosha. Tulimpa karanga, mbegu za alizeti, papai na mahindi ya kuchemsha. Alivitazama vyote kwa jicho moja, akageuza kichwa, akarudi pembeni mwa tundu. Siku ya kumi mwenzetu mmoja alishauri mezani kwamba anyimwe chakula mpaka njaa imfundishe utii. Twaungama kwamba tulikubali. Asubuhi iliyofuata tuliondoa bakuli lake. Kufikia adhuhuri ndege alikuwa amejikunyata, manyoya yamemvimba, hatoi sauti. Tulilirudisha bakuli kwa aibu.

Bwana mifugo tuliyemwendea alitueleza kwa upole. Ndege mchanga aliyehamishwa huwa na hofu, na chakula asichokizoea kwake si zawadi bali ni kitu cha kutiliwa shaka. Tena mwenye bakuli lililojaa hana haja na punje ya mkononi. Zaidi ya hayo, kasuku ni ndege wa kundi. Katika misitu ya Kongo na Uganda huruka pamoja na kulala pamoja. Akatuuliza, "Mmemweka wapi?" Tulijibu kwamba yuko mwisho wa ukumbi, penye utulivu. Tulipokuwa tukijibu, tulielewa. Kila siku tulimwendea na karanga, tukaondoka. Hatukuwahi kukaa naye.

Tulihamishia tundu barazani, tukawa tunasali Masifu ya Asubuhi kando yake bila kumdai chochote. Wiki ya tatu alisogea karibu na waya. Wiki ya tano alipanda mkononi, na mkono ulikuwa mtupu. Alipoanza kuiga sauti, hakuanza na salamu tuliyomfundisha. Alianza na kikohozi cha paroko, kile kinachotangulia zaburi.

Huko Marekani, mtafiti Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aitwaye Alex tangu mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Watu wawili walizungumza mbele yake, mmoja akimwuliza mwenzake jina la kitu. Aliyetaja sawasawa alipewa kitu kile kile alichokitaja: aliyetaja ufunguo, alipewa ufunguo. Kasuku alisikiliza, akatamani, akajaribu naye. Tuzo yake ilikuwa ndani ya somo lenyewe.

Wapendwa, ndege hawa wametuhukumu. Miaka miwili iliyopita tulianza kugawa biskuti kwa watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Biskuti zilipokwisha, madawati yakabaki wazi. Tuliwalaumu watoto, tukawalaumu na wazazi. Kumbe ni sisi tuliowafundisha kwamba mafundisho ni jambo la kuvumiliwa ili mtu apate biskuti. Katika sura ya 6 ya Injili ya Yohane, Bwana aliwaambia wazi watu waliovuka ziwa kumtafuta kwamba walikuja kwa sababu ya mkate waliokula. Kisha hakuwaongezea mkate ule. Aliwapa nafsi yake.

Tunao mfano karibu nasi. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Alibatizwa Nyegina mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Baina ya dawati lile na kisima cha ubatizo ilipita miaka tisa, naye aliingia akiwa mtu mzima anayejua anachokitaka. Mtu anayevutwa kwa biskuti hangoji miaka tisa.

Hatusemi watoto wasilishwe. Mtoto mwenye njaa apewe chakula kwanza, na apewe kwa sababu ana njaa, isiwe ujira wa sala. Lakini tusidhani kwamba tumemlea katika imani kwa sababu tumemtuma kanisani na kumpa pipi aliporudi. Atakariri, naam, kama kasuku. Na siku pipi itakapokosekana, atanyamaza.

Wiki hii tunawaomba jambo moja. Jioni, runinga ikiwa imezimwa, baba na mama wasali Baba Yetu kwa sauti mahali watoto walipo, bila kuwaita. Nasi mapadre, Jumamosi tutakaa na watoto wa mafundisho tangu mwanzo hadi mwisho, mikono mitupu. Watachukua kwetu kile wanachokiona, pamoja na kikohozi. Basi na waone watu wanaosali.

Mungu awabariki.

Paroko wenu