Uso Juu, Machozi Ndani



Wiki hii nimekuwa nikisikiliza wimbo mmoja wa Kijapani, ingawa lugha yenyewe siijui. Kyu Sakamoto aliuimba mwaka 1961. Juni 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tatu, ukiwa bado kwa Kijapani. Kule waliuita "Sukiyaki", jina la chakula cha nyama ambacho hakitajwi popote ndani ya wimbo!

Ukiusikia utadhani kijana anafurahi. Kuna mahali hata anapiga mluzi. Lakini maneno yanasimulia mtu anayetembea usiku peke yake, ameinua uso juu ili machozi yasidondoke. Mtunzi wa maneno, Rokusuke Ei, aliumizwa na maandamano ya mwaka 1960 yaliyoshindwa kuzuia mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Ila ndani ya wimbo hakutaja chanzo cha uchungu. Ndiyo maana kila aliyeachwa na mpenzi huusikia kama wake.

Mimi nilishtuka, kwa sababu mtu huyo namjua.

Nikiwa chuo cha Biblia kulikuwa na dada niliyetarajia kumwoa. Jumamosi moja akaniambia ameamua kuolewa na mwingine. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kuongoza sifa. Niliimba macho yakiwa darini mwanzo hadi mwisho. Watu wakasema, "Huyu kijana ana upako!"

Mpendwa, haukuwa upako. Ningeinamisha kichwa ningelia.

Mama mmoja tu, aliyekuwa akipika chai ya wageni, ndiye aliyenifuata nje. Hakunihubiria. Aliniuliza, "Mwanangu, umekula?" Nililia mpaka chai aliyonipa ikapoa.

Labda nawe umeachwa. Ukiulizwa unajibu, "Niko sawa, nimebarikiwa," kisha usiku unalala umekumbatia simu isiyolia. Sikiza: machozi si ukosefu wa imani. Kabla ya kufika kwenye kaburi la Lazaro, Bwana wetu alilia mbele ya watu, na alijua fika kwamba anakwenda kumfufua.

Kumwinulia Mungu macho ni vyema. Lakini usiyainue ili ndugu zako wasione kwamba yamelowa. Leo mpigie mtu mmoja unayemwamini, umwambie ukweli.

Na wewe ambaye moyo wako ni mzima, Jumapili mwangalie yule anayeimba kwa nguvu kuliko wote. Baada ya ibada, muulize kama amekula.

Tuombe: Baba, mkumbuke anayesoma haya akiwa peke yake. Mpe mtu wa kukaa naye. Mfundishe kulia bila aibu mbele zako. Katika jina la Yesu, Amina.

Nakupenda, nakuombea.
Mchungaji wako.