Mamako Anautaka Mto

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku Mombasa tu wazima, na dua zetu ziko nawe huko Doha. Mamako magoti humsumbua kila mvua inaponyesha, lakini kicheko chake ni kile kile.

Matangazo ya zile meli nne za mto Nile uliyonitumia yamefika, na nimeyasoma neno kwa neno. Nimefurahi mno kuona kwamba kwa akiba yako umekusudia kumtembeza mamako. Unaniuliza ipi nzuri. Mimi kazi ya uwakala wa safari niliifanya hapa Mombasa na baadaye Kairo, na watu wa kila namna nimewapeleka kwenye vyombo vile, kwa hiyo nitakwambia ninavyoona bila kuficha. Ila kabla ya kuitazama meli, mtazame kwanza abiria wako.

Mamako sijapata kumsikia akitaja hekalu. Tangu tukiwa watoto wa chuoni, anachokitaja ni ule mto aliotiwa Nabii Musa akiwa mchanga. Anataka akae penye kivuli, kahawa ikiwa karibu, ayaone maji na ng'ambo zake. Sasa yasome tena yale matangazo. Yote manne yanakuuzia nyota tano, bwawa la kuogelea na orodha ya mahekalu. Hakuna hata moja linalokwambia meli inakwenda saa ngapi mchana. Hilo ndilo swali lako la kwanza kwa wakala, na asiyeweza kulijibu usimpe pesa zako.

Nikueleze kwa nini. Kutoka Luxor hadi Aswan kwa njia ya maji ni kama kilomita 220 tu. Meli ya injini ikiamua kwenda moja kwa moja, safari hiyo haiimalizi hata siku mbili. Lakini inauzwa usiku nne ukianzia Luxor, au usiku tatu ukianzia Aswan. Saa nyingi zilizobaki meli imefungwa kando, abiria wamepakiwa kwenye mabasi wanapelekwa Karnak, Bonde la Wafalme na kwengineko. Na sehemu ya mwendo wenyewe huenda ikawa usiku, watu wamelala. Mtu anaweza kurudi kwao akaapa kuwa amesafiri juu ya Nile, na mto wenyewe ameuona mchana mmoja na nusu. Kwa anayependa mambo ya kale hilo halina neno, meli kwake ni hoteli inayomfuata. Kwa mamako ni hasara.

Basi omba ratiba ya saa kwa saa: inang'oa nanga lini, inafunga wapi, lini. Kipande cha kutoka Edfu hadi Kom Ombo hakikisha kiko mchana. Hapo ndipo penye mitende, migomba, mashamba ya miwa, nyati wa maji wakioga na watoto wakipunga mikono, na nyuma ya kijani kile, hatua chache tu, jangwa limeanza.

La pili ni namna meli zinavyofungwa. Zile kubwa, za abiria mia na zaidi, hazipati nafasi kila moja penye gati, kwa hiyo hufungwa ubavu kwa ubavu, nne tano kwa safu. Ukitaka kwenda nchi kavu unapita katikati ya ukumbi wa meli ya jirani, kisha wa jirani yake, mpaka ufike. Na ukifungua pazia asubuhi, badala ya mto unakutana na dirisha la chumba cha wengine, umbali wa kunyoosha mkono, na mtu anapiga mswaki. Moshi wa dizeli nao unaingia. Haya hutayaona kwenye picha, na wala si kosa la meli moja, ndivyo gati za Luxor na Aswan zinavyokuwa msimu unapochanganya. Ndiyo maana kumlipia mtu nyongeza kubwa ya roshani kwenye meli kubwa sikushauri. Bora wakati mwendo upo mchana mkakae juu, kwenye sitaha ya jua, ambako kila abiria ana haki sawa ya kuona.

Ukiniachia mimi nichague, ningempandisha dahabia. Ni chombo cha matanga mawili, chenye vyumba vichache, aghalabu havizidi kumi. Mara nyingi hupandwa Esna, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Luxor, kikaelekea Aswan. Maji ya Nile yanakwenda kaskazini, na upepo wake unavuma kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo nahodha akielekea Aswan anatweka tanga kama sisi tunavyotweka kwenye kaskazi kuelekea Zanzibar, na akirudi mkondo wenyewe unamsaidia. Upepo ukilala, kinakuja kiboti cha injini kukivuta kwa kamba. Usiku dahabia haiendi. Inafungwa ukingoni, kwenye kisiwa au kando ya kijiji, peke yake. Kwa maneno mengine, mwendo wote mamako ataupata akiwa macho. Tena inasimama pahali ambapo meli kubwa zinapita tu, kama Gebel el-Silsila, pale mto unapobana katikati ya majabali yaliyokatwa mawe ya mahekalu zamani za mafirauni. Mawe yale bado yana alama za patasi, utafikiri mafundi wameondoka kwenda kula.

Dahabia ina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza bei: kwa usiku mmoja huwa ghali kuliko meli ya kawaida, mara nyingine maradufu na kupita. Pili magoti ya mamako. Hamna lifti, na kushuka ni kwa ubao unaowekwa kutoka chomboni hadi kwenye tope au mchanga. Mabaharia humshika mtu mkono, na mamako mashua za Lamu amezipanda ujana wake wote, lakini waulize ubao una upana gani na kama una kamba ya kushikia. Waulize pia ngazi ya kupanda sitaha ya juu ina vipandio vingapi. Watumie ujumbe kwamba unakuja na mama mtu mzima. Jibu lao litakuonyesha kama wanamjali mgeni au wanaijali arubuni yake.

Kuhusu feluka, ile mashua ya wazi ambayo watu hulala kwenye magodoro juu ya sitaha: ni rahisi mno na vijana huipenda, lakini wengi hujisaidia ukingoni. Ikodini Aswan alasiri moja mzunguke visiwa, mrudi hotelini. Mamako kulala humo hapana.

Kama pesa haifiki dahabia, chukua meli ya kawaida kwa moyo mkunjufu, ila punguza nyota usipunguze usiku. Chukua ile ya usiku nne kutoka Luxor. Nyota tano za meli za Nile hazifanani, nimeona za tano zilizochoka na za nne zinazong'ara. Chumba kiwe sitaha ya kati na upande wa mbele, kwa sababu nyuma na chini ndiko kwenye injini, na vyumba vya chini kabisa madirisha yake yako karibu na usawa wa maji. Uliza chumba cha kulia kiko sitaha gani, maana mara nyingi kiko chini kabisa, na mamako atashuka na kupanda mara tatu kwa siku. Yenye lifti ipo, itafute hiyo. Usiku mmoja kutakuwa na tafrija ya kuvaa kanzu za Kimisri na ngoma, pengine na mcheza densi wa kukata kiuno. Mamako halazimiki kwenda, lakini chumba chenu kisiwe juu ya ukumbi ule, asije akakosa usingizi kabla ya alfajiri. Chakula hakina tatizo, ni Misri, nyama ni ya halali.

Meli hizo zinapita lango la Esna, na hapo mwambie mamako apande juu. Meli inaingia kwenye kizimba cha saruji, milango inafungwa nyuma yake, maji yanajazwa mpaka yalingane na ya upande wa juu, kisha inatoka. Wakati foleni inangoja, wachuuzi wanakuja na viboti vya makasia, wanapaza sauti na kurusha kanzu na vitambaa vya meza kwenye mfuko wa plastiki mpaka sitaha ya juu, ghorofa tatu nne. Ukipenda unaitia pesa kwenye mfuko ule ule unawarushia. Usipopenda unaurudisha na kitu chake. Sijaona mahali pengine biashara ya uaminifu namna hiyo, bidhaa inatangulia mikononi mwa mgeni asiyejulikana. Mwachie mamako apatane bei, hiyo ni kazi yake tangu sokoni Marikiti.

Sasa pesa. Bei iliyoandikwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili, hilo kwenu ni sawa. Vinywaji mara nyingi havimo, hata maji ya chupa mezani. Tiketi za mahekalu huenda zimo, huenda hazimo. Bonde la Wafalme tiketi ya kawaida ni ya makaburi matatu, na la Tutankhamun, lile alilolifungua Howard Carter mwaka 1922, lina tiketi yake mbali. Bakshishi ipo kila mahali: mabaharia, kiongozi, mwenye gari la farasi Edfu, anayekuonyesha njia usiyomwuliza. Itengee fungu lake tangu nyumbani ukiwa na noti ndogo ndogo, hutakasirika. Na kwenye mkataba tafuta maneno haya: «au meli nyingine inayolingana nayo». Ukiyaona, dai jina la meli kwa maandishi. Kuna wakala mmoja aliyewahamisha wateja niliowaleta dakika ya mwisho kwenye chombo ambacho hata maji ya moto hayakuwapo, na mkataba ukamlinda yeye.

Abu Simbel utaambiwa ni lazima. Ni kweli kuna ajabu pale: mahekalu ya Ramses wa Pili yalikatwa vipande vipande, yakapandishwa mita 65 juu kati ya 1964 na 1968 ili yasizamishwe na Ziwa Nasser. Lakini kwa gari kutoka Aswan ni kama kilomita 280 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na huondoka alfajiri mbichi. Kwa mtu wa magoti hiyo ni adhabu. Ikiwapo ndege kutoka Aswan, ni chini ya saa moja, mpeleke kwa hiyo. Isipokuwapo, paacheni. Mpelekeni Philae kwa mashua. Hekalu lile nalo lilihamishwa, kutoka kisiwa kilichokuwa kikifurika hadi kisiwa cha jirani cha Agilkia, na kufika kwake ni juu ya maji, atafurahi. Pesa iliyobaki ongezeni usiku mmoja Aswan. Pale ndipo mto ulipo mzuri kuliko kote, majabali meusi yamechomoza majini na upande wa pili mchanga unashuka mpaka ukingoni.

Likizo yako omba Novemba. Kiangazi joto la Luxor na Aswan hupita digrii 40. Desemba mpaka mwanzo wa Januari ni msongamano na bei zimepaa. Machi na Aprili huja ule upepo wa khamsini wenye vumbi. Mamako akiwa na wasiwasi wa kichefuchefu, mwondolee: tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970 mto umetulia, hauna mawimbi ya kumpindua mtu tumbo. Na mamba wasimtishe, wako juu ya bwawa, ziwani.

Jambo la mwisho, usimwache asafiri peke yake mpaka Luxor. Mpokee Kairo mlangoni, mpumzike usiku mmoja, kisha mshuke kusini kwa ndege. Treni ya usiku ipo, lakini kwa magoti yale sidhani.

Nitumie ratiba za vyombo viwili utakavyovichuja, dahabia moja na meli moja, zikiwa na saa za mwendo. Nipe siku mbili nizisome kabla hujalipa arubuni. Mamako sijamwambia lolote, nimekuachia wewe umpigie. Mpigie Ijumaa baada ya swala, ndipo anapokuwa na nafasi.

Mjomba wako akupendaye