Vyuma Nane vya Papa

Papa alikuwa na likembe ya vyuma nane. Siku tuliyovuka Ruzizi ya Kwanza, mikono yote ilikuwa na watoto na mabegi. Likembe ikabaki Bukavu, juu ya kabati. Kwenye chumba tunachopanga hapa Kamembe, usiku unaona taa za Bukavu ng'ambo ya maji. Papa alikuwa anakaa mlangoni anaziangalia, vidole gumba vinachezacheza hewani.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundishwa kompyuta kwenye kituo kimoja cha vijana, na wikiendi walikuwa wanatuazima tableti. Ndani yake nikaweka Caustic, programu ya sinthesaiza. Sinthesaiza haihitaji nyuzi wala ngozi. Unachagua wimbi la sauti, unalichuja, unaamua lianze ghafla ama polepole. Na ukishaiweka, haidai intaneti. Kwetu hilo ni kubwa, maana mega ni pesa.

Nikatafuta sauti ya likembe: inaanza ghafla, inazimika haraka. Nikampigia Papa wimbo wake. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwanangu, hii haiko likembe. Hii ni piano imevaa nguo za likembe."

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Piano inagawa oktavu hatua 12 zilizo sawa. Fundi wa likembe hagawi hivyo. Anasukuma chuma mbele, anakirudisha nyuma, mpaka sikio lake liseme basi. Chuma cha tatu cha Papa kilikuwa kinalia katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo piano haifiki.

Sinthesaiza inafika. Kila hatua ya piano ina sehemu ndogo 100, zinaitwa senti, na unaweza kusogeza sauti senti moja moja. Tulikaa Jumamosi nne. Papa anaimba, mimi nasogeza.

"Panda. Panda tena. Weye, umepita! Shuka kidogo. Hapo!"

Nikawa naandika kwenye kaye: chuma cha tatu, shusha senti 38. Cha sita, pandisha 22. Siku moja nilibadilisha namba moja bila kumwambia, nimjaribu. Akanitazama tu: "Nani amegusa likembe yangu?" Hakujua senti ni nini, ila sikio lake lilikuwa linazihesabu.

Nilimsimulia habari za mzee Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 kule Kinshasa, aliyetengenezea likembe vinasa sauti kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu, mpaka muziki wao ukatoka kwenye albamu Congotronics mwaka 2004 na kusikika Ulaya. Papa akacheka sana. "Kumbe likembe inaweza kula umeme na isife!"

Papa aliugua wakati wa mvua, akafariki. Kwenye tableti nilikuwa nimemrekodi akiimba nyimbo tatu. Matanga yalipoisha nikarudi kituoni. Tableti zote zilikuwa zimefutwa kwa ajili ya kundi jipya. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, ndiyo utaratibu wao: masomo yakiisha, mashine zinasafishwa. Kijana aliyenipokea alinionyesha kioo, kinang'aa. "Imekuwa kama mpya," akasema. Nilimshukuru. Nililia njiani kurudi, juu ya moto, nyuma ya dereva.

Sauti yake ilienda. Kaye ilibaki. Baada ya miezi nikanunua simu ya Android iliyotumika, nikaweka programu ileile, nikaingiza namba nane, moja baada ya nyingine. Nilipopiga ule wimbo, mama alitoka kupika, mwiko mkononi, akasimama. Hakuniuliza ni nini. Alisema tu, "Cha tatu kiko sawa."

Kwa hiyo naandikia watu wa pande mbili. Wenzangu wa Kiziba, Kigeme, Nyabiheke, Mugombwa na Mahama: kama kwenu kuna mzee anayejua likembe, inanga ama chombo chochote, azima simu, kaa naye. Mrekodi, kisha uandike kwenye karatasi. Karatasi haiishiwi chaji na hakuna anayeisafisha bila wewe kujua.

Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: tableti ni zenu, hatubishi, na bila tableti yenu nisingepata hata zile namba nane. Ila kabla ya kufuta, tuiteni. Mtupe siku moja na kadi ndogo ya kumbukumbu, kila mtu achukue kilicho chake. Mnachokiona kama mabaki ya darasa lililopita, pengine ndani yake yumo baba wa mtu.