Daftari la likelemba na mlango wa chumba

Wamama wenzetu, wengi wenu mnatuuliza, hasa pale kwenye kivuko: "Mambo ya kompyuta hamjamaliza tu? Mlishajua kuandika barua, sasa mnatafuta nini tena?" Swali ni zuri. Barua na hesabu tulijua mwaka uliopita. Sasa tunajifunza kuitunza mashini yenyewe: nani aingie, nani asome, nani aandike, na nakala ikae wapi.

Kazi hiyo ilikuwa ya kijana mmoja, na neno la siri kuu alikuwa nalo peke yake. Kijana mwema, hatumlaumu. Lakini alipopata kazi Kisangani, daftari la likelemba letu lilibaki ndani ya mashini ambayo hakuna mama aliyeweza kumwongezea humo hata mwanachama mpya mmoja. Wiki tatu tuliandika kwenye karatasi, na minong'ono ikaanza: pesa za nani zimeandikwa, za nani hazikuandikwa? Likelemba haifi kwa wizi tu, hata mashaka yanaiua.

Kompyuta yetu inatumia Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix iliyoanza Marekani mwaka 1969. Hailipiwi, na inakubali mashini za zamani kama yetu. Tena Unix toka mwanzo ilitengenezwa ili watu wengi watumie mashini moja, kila mtu kwa jina lake. Hiyo ndiyo hali yetu kabisa.

Kila faili ina mwenyewe, ina kikundi, halafu kuna watu wengine wote. Daftari tuliliweka hivi: mama mweka hazina anasoma na kuandika, wanachama wanasoma tu, wengine hawaoni kitu. Amri yake ni fupi: chmod 640. Kusoma ni 4, kuandika ni 2. Kwa hiyo 6 ni ya mwenyewe, 4 ya kikundi, 0 ya wengine.

Hapo wengi huona kazi imekwisha. Mwalimu wetu akatuonyesha kitu: mwanachama asiyeweza kubadili hata herufi moja ndani ya daftari aliweza kulifuta lote! Ruhusa ya kufuta haitoki kwenye faili, inatoka kwenye folda inamokaa. Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema ni kama sanduku lenye kufuli ndani ya chumba kisichofungwa: mwizi hawezi kulifungua, lakini atalibeba. Basi tukafunga na chumba, chmod 750. Wanachama wanaingia na kuona, hawatoi kitu wala hawaongezi.

Siku hizi hakuna anayeingia kwa jina la mkubwa wa mashini. Wamama watatu wana ruhusa ya kutumia sudo, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri, na mashini inaandika ni nani, saa ngapi, kwa amri gani. Ni kama kitabu cha mkutano kinachojiandika chenyewe. Hicho kilinyamazisha minong'ono kuliko hotuba zote tulizotoa.

Umeme ni habari nyingine. Vitabu vinashauri nakala ifanyike saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Vimeandikwa na watu ambao umeme wao haulali! Mashini yetu inaishi kwa paneli za jua, jioni tunaizima. Kazi iliyopangiwa usiku kwa cron haifanyiki, na hakuna anayekuambia. Dawa ni anacron: mashini ikiwaka asubuhi, inatazama kazi iliyokosekana jana na kuifanya.

Kila Jumamosi nakala inavuka Lualaba kwa pirogi, ndani ya flashi, kwenda nyumba ya mwanachama huko Alunguli. Moto ukiwaka upande huu, daftari liko upande ule. Mara moja kwa mwezi tunaifungua kwenye mashini nyingine, tusome majina na hesabu. Nakala ambayo haijafunguliwa hatuihesabu.

Na wanaosema hii ni kazi ya wanaume: kitabu cha kutunza mifumo ya Unix kilichofundisha watu wengi sana duniani kilitoka mwaka 1989, na jina la kwanza kati ya waandishi wake ni la mwanamke, Evi Nemeth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Colorado. Alipotea baharini mwaka 2013, kati ya New Zealand na Australia, akisafiri kwa mashua ya tanga. Alikuwa na zaidi ya miaka 70.

Tunatafuta wamama wawili wa kuongezeka kwenye darasa, Jumanne na Ijumaa baada ya soko. Mwenye mtoto mgongoni aje naye. Tutaanza na wanaokaa Alunguli, kwa sababu nakala iko kwenu tayari, na huko bado hakuna anayejua kuirudisha.