WALIGAWA WALICHOKUWA WANAUZA



Leo mnivumilie. Nitazungumzia kompyuta, kisha nitajisema mwenyewe.

Huko Marekani, katika mji wa Fredericksburg, Virginia, kulikuwa na kampuni ndogo ikiitwa Digital Creations. Mwaka 1996 fundi wao mmoja, Jim Fulton, alitakiwa akafundishe darasa la kutengeneza programu za tovuti kwa njia ya zama zile, iliyoitwa CGI. Yeye mwenyewe hakuwa anaijua sana. Akaisoma akiwa safarini kwenda kufundisha! (Walimu wenzangu msicheke, tunajuana.) Wakati wa kurudi akawa anawaza yale yaliyomkera katika njia ile, na katika mawazo hayo ndimo kazi yake mpya ilipoanzia.

Zikapatikana zana zilizoitwa Bobo, hizo wakaziacha huria. Juu yake wakajenga programu kubwa, Principia, na hiyo wakaiuza. Usiogope jina, ndugu yangu. Unapobonyeza ukurasa wa tovuti, mara nyingi ukurasa ule haukuwa umeandikwa tayari ukikusubiri. Kuna programu kwenye kompyuta ya upande wa pili inayopokea ombi lako, inakusanya taarifa, inakutengenezea ukurasa papo hapo na kukuletea. Principia ilikuwa programu ya namna hiyo.

Mwaka 1998 akaja mwekezaji, Hadar Pierson. Sasa zingatia hapa. Huyu ni mtu anayetaka kutia fedha zake, si mtu wa kugawa sadaka. Na yeye ndiye aliyewashauri: itoeni Principia, itoeni na msimbo wake wote, yaani yale maandishi ya ndani ambayo kila kampuni huyaficha. Wakakubali. Wakaiunganisha na zile zana za Bobo, na mwishoni mwa mwaka ule ikatoka kwa jina la Zope.

Tusichanganye bure na huria. Unaweza kupewa kitu bure huku kimefungwa. Huria ni kupewa ruhusa ya kukifungua, kukisoma, kukirekebisha na kumpa mwenzako, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye leseni.

Utauliza, watakula nini? Hilo ndilo swali, na hofu yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu mshindani naye aliruhusiwa kuichukua Zope na kwenda kumgombania mteja yuleyule. Lakini mteja hakuwa akitafuta programu tu. Alikuwa akitafuta tovuti yake ifanye kazi, na kwa hilo alihitaji watu wanaojua. Kadiri programu ilivyosambaa, ndivyo wanaojua walivyotafutwa, na nani aijue kuliko walioitengeneza? Mwaka 2000 Guido van Rossum, muasisi wa lugha ya Python ambayo Zope imeandikwa kwayo, akajiunga na kampuni hiyo pamoja na kundi lake. Na watu wa nje, wasioajiriwa pale, wakajenga juu ya Zope mfumo wa tovuti uitwao Plone, ambao unatumika hadi leo.

Sasa nijiseme.

Miaka ya CD nilirekodi masomo kumi na mawili ya hesabu za mirathi. Nilikopa ili nilipie studio. Nikayauza. Siku moja nikamkuta kijana, mwanafunzi wangu mwenyewe, ameyanakili na anawagawia watu msikitini. Nilimfokea mbele za watu. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hamwambii mwanafunzi, na yule kijana hakurudi tena darasani.

Lakini angalia kilichotokea. Wakaanza kunipigia simu watu nisiowajua, kutoka miji ambayo sijawahi kupeleka hata CD moja. "Sheikh, nimekusikiliza, lakini kwetu kuna mke, mama, na watoto wa mama tofauti, njoo utusaidie." Nikaenda, na waliniheshimu na kunilipa nauli na zaidi. Mimi nikadhani ni bahati yangu tu. Sikutaka kujiuliza sauti yangu iliwafikiaje! Niliposoma habari ya hawa watu wa Virginia ndipo nilipokaa kitako nikajiuliza, na jibu nilikuwa nalo siku zote.

CD zilizobaki zimo kwenye boksi, hakuna anayezinunua, hata mashine ya kuzisikiliza nimeazima. Kijana yule nimempata kwa simu wiki iliyopita. Nimemwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia somo la tano bado analo kwenye simu yake, na kwamba kuna mfano mmoja nimekosea kugawa.

Nimeangalia. Kweli nimekosea.

Kuanzia Ijumaa nitayaweka masomo yote hapa, la tano likiwa na masahihisho yake. Nakilini, mpeane. Atakayekuta kosa jingine la hesabu aniandikie nilirekebishe.